Wifi Yangu Kidole na Chupa za Uzi Mwekundu

Wifi yangu anaitwa Kidole, na mtu asikudanganye kwamba ni jina la mapenzi. Walimpa kwao akiwa mdogo kwa sababu alikuwa hapiti mbele ya kitu bila kukigonga kwa kidole. Mtungi, anagonga. Yai, anagonga. Kichwa cha mdogo wake, anagonga halafu anatega sikio. Huyo mdogo wake ndiye aliyekuja kunioa mimi, na nikimkasirikia nilikuwa namwambia, "Wewe dada yako alikugonga mpaka akili ikahamia miguuni." Alikuwa anacheka. Marehemu alikuwa mtu wa kucheka.

Nataka kusema jinsi Kidole alivyokaribia kuitwa mwongo mbele ya wakubwa, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi, na ilivyobaki siku moja tu. Wengine wameshalisema hili kwa kulitia chumvi. Mimi nilikuwepo.

Kidole alisoma. Mimi niliishia darasa la tatu, najua kuandika jina langu na kusoma maandishi makubwa ya mlangoni, basi. Yeye akaajiriwa maabara, lile jengo la nyuma la hospitali ambalo madirisha yake hayafunguliwi. Watu wanafuga kuku, yeye alikuwa anafuga seli. Asubuhi anazilisha, mchana anazitazama kwenye hadubini, jioni anazirudisha kwenye kabati la joto na kulifunga taratibu kama kuna mtoto amelala humo. Aliolewa miezi kumi na minne akarudi na sanduku lake. Tulipomuuliza kulikoni alisema, "Nilimgonga nikasikia mtupu." Hakusema zaidi, na mume hakuja kumfuata.

Kazi ya kuosha vyombo vya maabara alinitafutia yeye. Sikatai. Ningekataa vipi, wakati kila mwezi alikuwa ananikumbusha?

Watu wanadhani kuosha chupa ni kuosha chupa. Hebu njoo uoshe hizo. Unasugua kwa brashi, unasuuza mara tatu kwa maji ya bomba, mara nne kwa maji safi ya mtambo, unageuza juu ya vijiti, hushiki mdomo wake. Ukibakiza sabuni kiasi cha machozi ya sisimizi, seli zinakufa na wewe ndiye unayetazamwa. Nilizijua chupa zangu zote. Kuna moja ilikuwa na pengo mdomoni kama mtoto wa miaka saba. Nyingine ilikuwa na kiputo ndani ya kioo, kinakutazama kama jicho la samaki. Maandishi yalinishinda, sura hazikunishinda.

Siku hizo tulikuwa tunaongea bado. Saa ya kula tulikaa nje nyuma ya jengo, na siku moja nikamuuliza, "Wifi, hivyo vidude vyako mnavitazama nini mwaka mzima?"

"Mikono," akasema.

"Vina mikono?"

"Tena mingi." Akaingia ndani, akaja dirisha la stoo, lile lenye nondo, akapitisha mkono nje mpaka kwenye kiwiko. "Ona. Nusu nje, nusu ndani. Mkono wa seli unapita ukutani mwake hivi hivi. Huku nje unashika mahali pa kukaa, huku ndani umefungwa kwenye kamba zinazoisimamisha nyumba. Vitabuni wanauita integrini."

"Na mtu wa ndani atajuaje kama mkono umepata kitu?"

"Hebu vuta."

Nikamvuta vidole, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Bega limesikia," akasema, uso umemkunjamana. "Ndivyo hivyo. Mkono ukishika, habari inaingia ndani: tumepata pa kukaa, tuishi, tuzae. Ukikosa cha kushika, habari hiyo nayo inaingia, na seli inajimaliza yenyewe."

"Kwa kukosa pa kushika tu?"

"Tu. Na habari inatoka nje pia. Mkono haukai wazi muda wote. Unakaa umekunjwa mpaka ndani waseme shika, ndipo unakunjuka. Zile chembe za kugandisha damu yako zingekuwa zimekunjua mikono saa zote, ungegandia mishipani ukiwa unatembea."

Nikamwambia basi zina akili kuliko baadhi ya ndugu zake. Akacheka.

Halafu akanieleza lile la maji, na hapa mnisikilize kwa sababu ndipo mambo yote yalipokwama. Huo mkono ili ushike unahitaji chumvichumvi fulani kidogo kiganjani, inaitwa magnesiamu. Ikiwepo, mkono una nguvu. Ukiitoa, unalegea na kuachia. Kwa hiyo maabara kulikuwa na maji ya aina mbili. Kuna maji ya kuoshea, yana hiyo chumvi, unasuuzia seli kabla ya kuzipanga kwenye kisahani ili zishike. Na kuna maji ya kuachia, yana dawa inayofyonza hiyo chumvi, unayamwaga juu ya seli zilizoshika ukitaka kuzibandua uzihamishe. Yote mawili ni meupe na hayana harufu. Ukiyaweka mbele yako huyajui.

Ndiyo maana mimi nilifunga nyuzi. Chupa za maji ya kuachia, uzi mwekundu shingoni. Za kuoshea, uzi mweupe. Chupa ikiwa na ufa, uzi wake naupiga fundo, maana yake angalia mkono wako. Nyuzi zinaingia na chupa kwenye sufuria kubwa la mvuke, zinatoka vile vile. Chupa nyekundu ilibaki nyekundu miaka yote, haikuolewa kwingine.

Kisha mume wangu akafa. Presha. Siku ya tatu ya msiba, wanawake wamejaa sebuleni, Kidole akasimama katikati yao akasema, "Mdogo wangu hakufa kwa presha. Amekufa na njaa ya neno zuri."

Wote wakanitazama mimi.

Mdomo wangu naujua. Sijawahi kusema una asali. Lakini mume wangu nilimuuguza kwa mikono hii miwili, na mtu hasemwi kwenye msiba wake mwenyewe. Tangu siku hiyo sikumsemesha Kidole, naye hakunisemesha. Miaka kumi na moja, chumba kwa chumba, katikati kuna mlango wa kioo. Kazi haikusimama. Akitaka chupa nyeupe zaidi anatundika uzi mweupe kwenye kitasa. Nikimaliza nautoa. Binti yangu, ambaye ni mpenzi wa shangazi yake kupita kiasi, alikuwa anasema, "Mama, nyinyi mnaandikiana barua za nyuzi." Nilimwambia barua ina salamu, hizo hazina.

Ndipo akaja bosi mpya. Tulimwita Karatasi. Si mtu mbaya, ni mtu wa karatasi tu. Alikuja na mashine yake ya kuchapa lebo, wiki ya kwanza akabandika lebo kwenye meza kwamba ni meza. Alipoziona nyuzi zangu akazishika kwa ncha za vidole.

"Mama, hii nini?"

"Nyuzi."

"Naona. Za nini?"

"Za kujua chupa."

"Mama yangu, hapa ni maabara, si kwa fundi cherehani."

Akazikata zote kwa mkasi, akabandika lebo zenye maandishi madogo kama mayai ya chawa. Hakuniuliza kama nasoma, nami sikumwambia. Kidole alikuwepo, akanitazama kupitia kioo, akarudi kwenye hadubini yake.

Mara ya kwanza lebo zile kuingia kwenye sufuria la mvuke, zilitoka zote. Yaani watu hao kazi yao kutwa ni kusoma jinsi vitu vinavyoshikana, na karatasi yao wenyewe imewashinda kubandika! Nikaziopoa chini ya sufuria zimelowa kama matambara, nikaziweka kwenye trei. Chupa na maji yake ndani nikazipanga vikapu viwili, za kuachia kushoto, za kuoshea kulia, kama siku zote. Kidole alikuwa ameshaondoka, ameyachanganya maji yake asubuhi na kuniachia nichemshe. Akaja Karatasi na gundi. Akaanza kubandika tena, anapiga mluzi. Hakuuliza kikapu kipi ni cha nini. Nilisimama pale na taulo mkononi. Ningeweza kusema, "Baba, kushoto ni za kuachia." Nikajisemea, si amesema hapa si kwa fundi cherehani? Nikatundika taulo nikaenda zangu nyumbani.

Wiki iliyofuata seli za Kidole zikaacha kushika.

Kazi yake ilikuwa hivi: anaweka seli kwenye kisahani kilichopakwa ute wa mwili, anasubiri, anakigonga kwa kidole, anasuuza, anahesabu zilizobaki. Katika mia, tisini zilikuwa zinabaki. Miaka yote, daftari tisa nzima. Sasa zikawa zinabaki saba. Siku nyingine nne. Akabadilisha kisahani, akabadilisha chakula chao, akapima joto la kabati mpaka nikamwona anaweka shavu kwenye mlango wake. Wapi.

Jumatatu Karatasi akamwita. Wananong'ona watu wa kiofisi, lakini kioo kile hakizuii kitu.

"Nimefuata daftari lako hatua kwa hatua," Karatasi anasema. "Hazishiki. Sasa dada, hizi tisini ulizipata wapi?"

"Kwenye kisahani."

"Basi zirudi kwenye kisahani. Ijumaa wakubwa wanakuja. Zikishika, yameisha. Zisiposhika, itabidi niandike kwamba daftari zote tisa haziaminiki."

"Zote?"

"Nitachagua lipi?"

Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Angetoka pale mtu aliyetunga hesabu miaka thelathini na mitatu. Sitawadanganya, nilifurahi kidogo. Nikawaza, leo na wewe umesemwa mbele ya watu.

Jumatano asubuhi nasuuza birika za kioo, nikainua macho, nikamwona Kidole anachukua chupa ya kusuuzia seli zake. Ilikuwa ile yenye pengo.

Ile yenye pengo ni nyekundu. Imekuwa nyekundu tangu binti yangu anang'oka meno ya utoto. Na huyu anaziosha seli zake nayo kabla ya kuzipanga, yaani anazitoa nguvu mikononi halafu anaziambia shikeni. Nikaelewa yote pale pale, na Karatasi na mluzi wake, na kikapu cha kushoto. Brashi ikasimama mkononi.

Nikaendelea kuosha.

Nimerudi nyumbani, binti yangu yuko mezani na kompyuta yake. Nikashika sufuria, nikaanza kuisugua.

"Shangazi alikuja saa ya chakula," akasema. "Kaniomba nimwandikie barua ya kuacha kazi. Anataka atoke kabla ya Ijumaa."

"Umeandika?"

"Nimeandika, ameondoka nayo. Atasaini kesho saa nne."

Nikaisugua zaidi.

"Mama."

"Nini?"

"Hiyo sufuria ni safi. Uliiosha asubuhi. Wewe ukijua jambo unakwaruza masufuria."

"Mimi sijui jambo. Mimi ni darasa la tatu."

"Unalijua, na unalikalia. Shangazi alisema neno baya, sawa, na mimi nilikuwepo nikalisikia. Lakini yeye si mwongo, na wewe unajua si mwongo."

Nikamwambia amekuwa mkubwa wa kuniambia. Akasema ndiyo, amekuwa.

Alhamisi nilifika mapema. Nikavuka ule mstari mwekundu wa sakafuni ambao mtu wa viatu vya kuoshea vyombo haruhusiwi kuvuka. Kidole yuko kwenye kiti chake, mgongo kwangu.

"Wifi," nikasema.

Aligeuka kama vile kabati limemwita.

"Hiyo chupa yenye pengo ni ya uzi mwekundu."

Akaitazama chupa. Akanitazama mimi. "Miaka kumi na moja," akasema, "na neno la kwanza ni chupa."

"Ulitaka liwe lipi?"

"Lebo inasema ni ya kuoshea."

"Lebo inajua nini? Zilitoka zote kwenye sufuria. Bosi wako kazibandika upya kwa kubahatisha, na gundi, anapiga mluzi."

Akainyanyua chupa, akaigonga kwa kidole, sijui alitegemea imwambie nini. Halafu nikamwona rangi inambadilika.

"Ndiyo maana hazikutaka kubanduka," akasema polepole. "Nikizimwagia ya kuachia haziachii, nimekuwa nikizikwangua kama masizi. Nikidai zishike, hazishiki. Nikasema zinaumwa. Kumbe nimeyageuza maji yote mawili. Mimi! Nimeamini karatasi."

"Karatasi zote mbili," nikasema, "ya chupa na yenye suruali."

Hakucheka. "Umejua lini?"

"Jana asubuhi."

"Jana asubuhi."

"Na siku anabandika, nilikuwa nimesimama pale. Nilijua kushoto ni zipi. Nikanyamaza."

Nilidhani atanitukana, nilikuwa nimejiandaa, jibu lilikuwa mdomoni tayari. Badala yake akasema, "Leta kiti. Tuone kwanza."

Akachukua seli za kabati moja, akazigawa vikundi viwili. Kimoja akakiosha kwa ile yenye pengo, kingine kwa ile yenye jicho la samaki, ambayo lebo yake ilisema ni ya kuachia na mimi nikamwambia ni nyeupe. Visahani viwili, chakula cha joto lile lile, kabati lile lile. Tukasubiri saa moja na nusu. Saa nne ikapita, barua yake haikutoka mkobani.

Alipovitoa akagonga kila kimoja, mara tatu. Akasuuza. Akatazama kwenye hadubini, akakaa humo mpaka nikahisi amelala. Kisha akasogea.

"Tazama."

"Mimi?"

"Umeosha vyombo vyake miaka ishirini na sita. Tazama."

Sikuwahi kutazama. Mtu hakuwahi kuniambia tazama. Kwenye kile cha chupa yenye pengo kulikuwa na vidude viwili vitatu vya duara, vinayumba kama shanga zilizokatika uzi, kwingine kutupu. Kwenye cha pili zilijaa. Hazikuwa duara. Zilikuwa zimejinyoosha, zimekuwa bapa, kila moja imetandaza kingo zake chini na kung'ang'ania.

"Mikono yake iko wapi?" nikauliza.

"Midogo mno, hapa huioni. Unaona kazi yake tu."

Akahesabu. Tisini na mbili.

Ijumaa wakubwa walikuja watatu, wamevaa makoti meupe ambayo hayajawahi kudondokewa na kitu. Kidole akawawekea visahani viwili, akawaeleza, hakuomba wala hakulia. Mmoja akatazama, akasema, "Basi daftari ni sahihi." Karatasi akauliza, "Sasa nani aliyechanganya lebo?"

Kidole akaanza kufunika visahani vyake. Nilikuwa mlangoni na trei.

"Wewe," nikasema. "Zilibanduka, ukazirudisha bila kuuliza. Na mimi nilikuona nikakuacha, hilo nalo liandike, unapenda kuandika."

Alinimeza kwa macho. Mkubwa mmoja akauliza kabla ya lebo tulikuwa tunatumia nini. Kidole akasema, "Nyuzi." Akauliza nyuzi ziliwahi kukosea? Kidole akasema, "Haijatokea hata siku moja." Hilo ndilo neno zuri pekee alilowahi kunisema mbele ya watu, na hata hilo lilikuwa la nyuzi.

Jumatatu nikakuta kwenye kitasa cha mlango wangu vibunda viwili vya uzi, mwekundu na mweupe, vipya. Karatasi mwenyewe ndiye aliyevinunua, na kwenye kila kimoja alikuwa ameweka lebo.

Siku Kidole anastaafu, tulitoka pamoja mpaka getini kwa sababu njia ni moja. Akasema, "Lile neno la msibani silifuti."

"Nimekuomba ulifute?"

"Na ile Jumatano yako siisahau."

"Usiisahau."

Barua ile hakuisaini, alimrudishia binti yangu, anayo bado. Kidole anakuja kwangu siku za mapumziko, anasema anakuja kumwona mtoto wa mdogo wake, ingawa mtoto mwenyewe ana miaka thelathini na nne na mara nyingi hayupo. Anakaa kiti cha karibu na dirisha. Tunakaa. Hatujasameheana na sioni haraka ya nini. Namwekea kikombe, na kabla hajanywa anakigonga kwa kidole na kutega sikio.

Mara nyingi nampa kile chenye ufa, makusudi kabisa, ajue yuko nyumbani kwa nani. Lakini mkononi mwa kikombe hicho nimefunga uzi, na nimeupiga fundo.